Vikombe Viwili Ndani ya Kasha la Hotuba

Mke wangu ni mbishi. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani nimekaa hapa kumsifu. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kuhakikisha, na akirudi amelowa chapachapa atakwambia hayo ni manyunyu tu. Miaka thelathini na mmoja nimeishi na mdomo ule, na bado nina nywele zangu zote, jambo ambalo kwa kinyozi si dogo.

Ndiyo, mimi ni kinyozi. Chumba changu cha kazi kinatazama barabara. Kina viti viwili, kioo kilichopasuka kona moja, televisheni juu ya kabati, na benchi la wanaosubiri kunyolewa na la wasiosubiri chochote. Yeye alikuwa mtunza kanda katika kituo cha televisheni. Chumba chake kilikuwa kirefu, hakina dirisha, rafu zimepanda hadi darini, na kanda za picha nzito kama matofali zimelala kila moja ndani ya kasha lake. Kazini walimwita Mama Kanda. Ukitaka mechi ya mwaka fulani hakufungua daftari. Alitembea, akainua mkono, akakupa. Kisha akakusema kwa ile uliyoazima mwezi uliopita na hujairudisha.

Sasa ili uelewe alichokifanya, lazima kwanza nikueleze kipindi chenyewe.

Kiliitwa Vikombe Viwili, kwa ule msemo kwamba vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Mume anatengeneza saa, mke anashona nguo, chumba ni kimoja na katikati kuna pazia. Basi, ni hayo tu. Hakuna aliyetekwa, hakuna aliyefumaniwa, hakuna mtoto aliyepotea utotoni akarudi tajiri. Kila wiki waligombana kuhusu jambo moja dogo: ngazi iliyovunjika, mgeni aliyekaa kupita kiasi, nani aliacha dirisha wazi. Atakayeishiwa na jibu ndiye anayeinuka kwenda kupika chai, na hapo kipindi kinaisha.

Siku hizo sikuwa na televisheni. Tulisimama watu arobaini mbele ya duka la redio, mwenye duka akitugeuzia moja itazame dirishani. Mimi nilicheka mume akisema. Nyuma yangu kulikuwa na msichana aliyecheka mke akisema tu. Wiki ya tatu nikageuka, nikamwambia anacheka upande usiofaa. Akanijibu kwamba yeye haoni upande wowote, maana nywele zangu zimeziba kioo chote, na kama kweli mimi ni kinyozi kama nilivyokuwa nikijitangaza, basi nianzie kichwani kwangu. Watu arobaini wakaacha kutazama kipindi, wakanitazama mimi. Jibu sikuwa nalo. Nikaenda kumnunulia chai.

Tulipooana tukaichukua ile sheria kama ilivyo. Aliyekosa jibu, anapika chai. Mwaka wa kwanza dada yangu alikuja na baba mdogo kutusuluhisha, maana majirani walimwambia nyumba ile inawaka moto kila jioni. Wakakaa, wakatuomba tuelezane kwa upole. Loo! Tuliwageukia wote wawili kwa sauti moja, tukawasema hadi baba mdogo akaondoka akasahau kofia. Mpaka leo dada yangu akija hukaa karibu na mlango.

Na hapa naomba niseme jambo, anayekasirika akasirike. Watu wanapenda kuambiwa kwamba mapenzi ni kutazamana machoni na kunong'ona. Mimi nimenyoa wanaume maelfu. Nimeona wanaonong'ona. Nimeona waliokaa na wake zao mezani miaka kumi, wanapeana chumvi kwa adabu, na hakuna anayekumbuka mwenzake alisema nini jana. Wale wawili wa kwenye kipindi mke akisema neno leo, mume alilitunza, akalinoa, akamrudishia wiki ijayo. Huwezi kumjibu mtu usiyemsikiliza. Ndiyo maana watu arobaini walisimama juani. Hatukuwa tunatazama ugomvi, tulikuwa tunatazama watu wawili wanaosikilizana.

Haya, turudi kwenye kanda.

Miaka ishirini iliyopita kanda mpya zikawa adimu. Mkurugenzi wa wakati ule akatoa waraka: vichekesho vyote vya zamani vifutwe, na juu yake virekodiwe mpira na matangazo ya sabuni. Hotuba za wakubwa zisiguswe. Kufuta hotuba moja kulihitaji barua yenye sahihi tatu. Orodha ya vya kufutwa ikatua mezani kwa mke wangu, na katikati yake kulikuwa na Vikombe Viwili, kanda ishirini na sita. Nakala nyingine haikuwepo popote. Yule mama aliyeigiza mke alikuwa ameshafariki.

Mke wangu hakuandika malalamiko. Alichemsha birika. Kila kanda ilikuwa na karatasi mbili za jina, moja kwenye kasha na moja mgongoni mwa kanda, na gundi ya karatasi zile huachia ukiipitisha kwenye mvuke. Kwa Jumamosi tatu, ofisi ikiwa tupu, alibandua na kubandika. Hotuba ishirini na sita zikavaa jina la Vikombe, Vikombe vikavaa jina la hotuba. Jumatatu mafundi wakaja, wakachukua kanda zilizoandikwa Vikombe Viwili, wakazifuta zote, naye akatia sahihi ya makabidhiano bila kupepesa jicho.

Alinieleza siku hiyohiyo, nilipomaliza kumnyoa mteja wa mwisho. Nilimwambia ana wazimu. Akasema hilo ni kweli, na ushahidi ni mume aliyemkubali. Nikapika chai. Siri hiyo nikaitunza miaka ishirini, na kinyozi kutunza siri ni sawa na kuteka maji kwa pakacha, kwa hiyo nadai sifa zangu. Kusema kweli haikuwa kazi ngumu. Katika miaka yote ile hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kuomba kutazama hotuba.

Mpaka mwaka huu.

Zilikuwa zimebaki wiki sita astaafu. Kituo kikaamua kusherehekea siku jengo lake lilipofunguliwa, na mkurugenzi mpya, mtu mpole mwenye sauti ya daktari wa meno, akataka hotuba ya ufunguzi irushwe hewani wageni wakiwa ukumbini. Mke wangu angeisikia habari hiyo angeizima mapema. Lakini walikuwa wamemlazimisha kuchukua siku zake za likizo zilizobaki. Fundi mitambo, mzee mwenzetu mwenye mvi, akaingia chumba cha kanda mwenyewe, akasoma jina kwenye kasha, akabeba.

Tulikuwa dukani kwangu, saa nne asubuhi. Nilikuwa na mteja mwenye povu shavuni. Mtangazaji akasema sasa tusikilize maneno ya kihistoria. Likaonekana pazia, na meza ya saa, na yule marehemu mama mkono kiunoni, akimwambia mumewe: "Saa za watu wote unazifufua. Ya kwako imesimama tangu tulipooana."

Mteja akacheka hadi nikaondoa wembe haraka. Mke wangu akashika ukingo wa benchi. Nilimwona akibadilika rangi, kisha nikamwona akicheka upande uleule wake wa siku zote, kisha akaziba mdomo kwa viganja viwili. Kipindi kikaenda dakika kumi na moja kabla hakijakatwa. Baadaye fundi mitambo alituambia kwamba katika chumba cha mitambo walitambua kosa tangu sekunde ya kwanza, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Walitaka tu kwanza wasikie mume atajibu nini. Na alipojibu, haikuwa haki kutosikia mke naye anasemaje.

Kesho yake mke wangu akaitwa. Sikuzaliwa jana, nilijua si jambo la kuonywa kwa mdomo likaisha. Lakini mkurugenzi hakumfokea. Alimpa barua iliyokwisha kuandikwa, akampa siku tatu. Barua ilisema anakiri kwamba kwa makosa na bila kukusudia alichanganya majina ya kanda. Akitia sahihi atastaafu kwa heshima, ataagwa ukumbini, atapewa cheti, picha yake itatundikwa ukutani karibu na mlango wa chumba chake. Asipotia, atafukuzwa.

Nilimwambia atie. Safari hii haukuwa utani. Nilimwambia amekaa chumba kisicho na dirisha tangu ujana wake, na sitakubali atolewe mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Akaniambia nisome aya ya pili. Nikasoma. Kanda zote zenye majina ya makosa zitaharibiwa kwa mujibu wa kanuni.

"Kanda ni kanda," nikamwambia. "Wewe ni wewe."

Hakunijibu. Akanitazama, akainuka, akaenda jikoni. Nikasikia maji yanamiminwa kwenye birika. Nilikuwa nimeshinda, na nakwambia ukweli, niliogopa. Chai ile ilikuwa na sukari, lakini sijawahi kunywa chungu zaidi yake. Siku mbili nyumba ilikaa kimya. Nikimchokoza kuhusu viatu vyake mlangoni, anaviondoa. Usiombe mke wako aanze kukutii.

Siku ya tatu nilifunga duka, nikamfuata kituoni. Niliwekwa kwenye benchi la varandani. Ofisi ya mkurugenzi ina joto, mlango uliachwa wazi, nikaona na kusikia kila kitu. Mkurugenzi na wajumbe wawili wa bodi walikaa upande mmoja wa meza, yeye upande wa pili na mkoba wake mapajani. Mkurugenzi akamwambia taratibu kwamba ile hotuba ilikuwa ya kihistoria.

"Mwanangu," mke wangu akasema, "miaka ishirini haikuwepo, na hakuna aliyegundua. Mkitaka mtaandika nyingine kesho, maneno ni yaleyale. Yule mama amekufa. Kicheko chake mtamwagiza nani?"

Mjumbe mmoja akainamia karatasi zake. Mkurugenzi akasogeza barua na kalamu. Mke wangu akaichukua kalamu, nami pale nje nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, afadhali, amesikia. Akaandika kwa muda mrefu kuliko sahihi ya mtu. Aliporudisha karatasi, mkurugenzi aliisoma kwa sauti, nadhani bila kutaka. Alikuwa amekata maneno "kwa makosa na bila kukusudia", na juu yake ameandika: kwa makusudi, nikiwa na akili timamu.

Wakamwuliza kama anaelewa maana yake. Akafungua mkoba, akatoa kitabu cha kanuni za kituo, jalada limeliwa na mende. Akafungua penye uzi. Kosa la bahati mbaya, kanda zinasahihishwa au zinaharibiwa. Kosa la makusudi, kanda zinakuwa vielelezo. Kielelezo hakifutwi, kinatolewa nakala mbili, kinafungiwa kabatini hadi shauri liishe pamoja na rufaa zake zote.

"Kitabu hiki nilikipiga chapa mimi, mwaka wa pili wa kazi," akasema. "Na rufaa nitakata. Ikishindwa nitakata nyingine. Sina haraka, mkinifukuza nitakuwa na muda wote."

Kumbe zile siku mbili za kimya hakuwa amekosa jibu. Alikuwa anasoma.

Walimfukuza kabla ya adhuhuri. Hakuna ukumbi, hakuna cheti, hakuna picha. Alitoka na kikombe chake cha chai na kandambili alizokuwa akivaa ofisini. Askari wa getini alitakiwa kumpekua. Akasimama wima, akamfungulia geti kubwa la magari. Mke wangu akapita katikati yake polepole.

Njiani nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba ametupa miaka yake yote ya kazi kwa ajili ya pazia na meza ya saa. Kwamba angalau angenidokeza, nisingekaa siku mbili nikidhani nimemvunja. Kila nilipofungua mdomo niliuona mkono wake ukikata maneno yale kwa kalamu yao wenyewe, nikaufunga tena. Nilijivunia mpaka nikaona aibu. Tulipofika nyumbani akavua viatu, akaviacha katikati ya mlango, akakaa, akanisubiri niseme.

Nikaenda jikoni, nikateleka birika, nikamletea chai kwenye kile kikombe chake cha ofisini.

Akaonja. Akaitazama chai, akanitazama mimi.

"Haya majani umeyatia," akauliza, "au umeyaonyesha maji tu?"

Jibu nilikuwa nalo, tena kali, la kumkalisha wiki nzima. Nikakipokea kikombe, nikarudi jikoni kuongeza majani.