Mbweha Wawili wa Kichuguuni

Coleta wa kijiji cha Mollo hakuwa mtu wa kubembeleza. Alilea wanawe wawili peke yake kwa kulima ulezi na kufuga kuku, na wakigombana aliwaamua kwa fimbo. Beda, yule mkubwa, alimdunda mdogo wake Felisian kila walipogombea ukoko wa ugali, mpaka mama akachoka. Akamfungia Beda nguo zake na kumpeleka kwa mjomba wake, Sumbawanga mjini.

"Utaniulia mwanangu," alimwambia, utadhani Beda aliokotwa njiani.

Beda akakulia huko. Biashara zilipokuwa ruksa alianza kuuza mitumba sokoni, na Mollo hakukanyaga tena. Felisian alibaki nyumbani, akawa kijana mpole asiye na maneno. Coleta akajipongeza kwamba alikata shauri jema.

Wachuuzi walipoanza kufika na pikapu kutafuta kuku wa kienyeji, ndipo na kuku wakaanza kutoweka. Coleta alifuata manyoya mpaka kwenye shimo la kichuguu pembeni ya shamba lake, akakuta mbweha ana watoto wawili. Kila alipokuwa akipalilia aliwaona. Mama yao akileta windo, vita! Mmoja, yule mnene, alimkaba mwenzake shingoni, akamburuza, akala mpaka tumbo likavimba.

"Huyu ni Beda mtupu," Coleta alisema, akacheka peke yake.

Kisha mbwa wa jirani wakamuua mama mbweha. Hata hivyo kuku waliendelea kuibwa, na safari hii mwizi alikuwa yule mnene. Coleta aliona dawa ni moja: kipande cha nyama chenye sumu ya panya. Mroho atakula peke yake kama kawaida yake, kuku watapona, na yule mnyonge naye atapumua.

Asubuhi akaiweka nyama karibu na kichuguu, akajibanza nyuma ya tuta. Yule mnene akaja, akainusa, akaibeba kwa meno. Hakumeza. Aliipeleka hadi mdomoni pa shimo, akaita kwa sauti ndogo. Mwenzake akatoka, mbavu nje, akala kwa pupa, naye mnene akampa mgongo akilinda njia.

Coleta aliruka, akapiga kelele, akarusha jembe. Alikuwa amechelewa. Jua lilipopanda, yule mnyonge alikuwa amelala chali, na mnene anamvuta sikio kama walivyozoea, ili ainuke wapigane.

Coleta alirudi nyumbani. Felisian alikuwa anapukuchua mahindi.

"Felisian, kaka yako alikuwa anakupiga sana, sivyo?"

"Alikuwa ananipiga, mama. Halafu tunaenda kuula ule ukoko wote wawili nyuma ya kihenge cha ulezi. Pale penye ugali mwingi alikuwa ananiachia mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na fimbo mkononi."

Coleta hakupika siku hiyo. Alijichukia, na kesho yake akaenda mjini. Alimkuta Beda sokoni, mwanamume mzima mwenye ndevu, amezungukwa na marundo ya nguo. Beda akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Kabla hajaitikiwa aliingiza mkono chini ya meza, akatoa koti zito lililokunjwa vizuri, limeanza kuingia vumbi kwenye mikunjo.

"Hili nilimwekea Felisian. Kule kwetu baridi kali."

Coleta alilipokea kwa mikono miwili. Akaanza kupangusa vumbi kwenye mikunjo, akiwa bado hajaitikia marahaba.