Baba alichorwa ameshika sinia ya chai, magazine ikatoka ameshika panga

Wakuu, poleni na kazi. Vijana, niaje. Mimi ni nyanya wa hapa Nakuru, mjukuu ndiye ananitypia, kwa hivyo mkiona spelling mbaya mtukaneni yeye. Ninayosema niliyaona kwa macho yangu na sijatia chumvi. Kwetu mtia chumvi alikuwa Baba peke yake, maana alikuwa mpishi.

Ilikuwa fifties, wakati wa Emergency, wapiganaji wa uhuru wako msituni na serikali ya mkoloni inawasaka. Baba alikuwa ametoka magharibi, akaandikwa kazi ya jikoni kwa mzungu mmoja upande wa Njoro.

Huyo mzungu alichorea magazine za Ulaya. Hadithi ikiandikwa kule, yeye anachora watu wake kwa rangi ya mafuta, halafu anapiga mchoro picha na kuituma ichapishwe. Sisi watoto tulimwita Bwana Rangi.

Siku moja akamsimamisha Baba verandani na kanzu nyeupe, sinia ya chai mkononi. Baba alisimama hivyo wiki nzima. Mkono ulimuuma, lakini maringo yake hayakuwa na breki. Kila mtu kwenye nyumba za wafanyakazi aliambiwa kwamba mpishi ataonekana London.

Kisha Baba akaenda likizo kwao magharibi, akarudi, kazi ikaendelea. Mchoro ulikuwa verandani umefunikwa shuka na hakuna aliyethubutu kuufunua.

Miezi kidogo baadaye askari wakaja asubuhi. Mzungu aliyewaongoza alikuwa na magazine imefunguliwa. Akaiweka karibu na uso wa Baba, akaangalia huku, akaangalia kule.

Wakuu, niliona hiyo page. Nilishtuka.

Uso ulikuwa wa Baba, hata alama ya jipu shavuni. Veranda ilikuwa ileile. Lakini amevaa magunia, nywele zimesokotana kama za watu wa msituni, na mkononi ana panga yenye damu. Hadithi ilihusu mpishi aliyemuua bwana wake.

Memsahib jirani ndiye aliyepiga simu polisi. Huyo mama alikuwa anakula keki za Baba kila Jumapili! Alidhani mchoraji huchora tu alichokiona, kwa hivyo Baba ni mtu wa msituni.

Baba aliwaambia, "Mimi nilishika sinia, bwana. Sinia ya chai." Walimpeleka Nakuru na aproni yake.

Mnajua wakati huo mtu akiingia kule ndani angeweza kupelekwa kambi ya kizuizini, na wengine hawakurudi. Mama alimwendea Bwana Rangi, akapiga magoti hapo kwa ngazi. Akaambiwa, "Mimi iko kazi mingi. Kesho."

Kesho yake Mama akarudi. "Kesho."

Siku ya tatu hakuomba. Alifunua ile shuka, akautazama mchoro sana, akaona ukingo wa sinia unachungulia chini ya rangi ya panga, halafu akaubeba kichwani. Mimi nikabeba chupa ya mafuta ya taa. Lori la maziwa likatuchukua mpaka town.

Mama ndiye alikuwa anafua mashati ya Bwana Rangi, na rangi ile haikutoka bila mafuta ya taa. Kule station akauweka mchoro kwa meza ya afisa, akalowesha kitambaa, akaanza kusugua panga.

Askari wakapiga kelele. Afisa akawanyamazisha.

Panga ikayeyuka. Chini yake ikatokea sinia, na birika, na vikombe viwili. Mama akasugua magunia, kanzu nyeupe ikatoka. Kumbe wale wa Ulaya walikataa mpishi mpole, wakataka wa kutisha, na Bwana Rangi akapaka juu wakati Baba yuko likizo. Hakumwambia mtu.

Afisa akaiweka ile magazine kando ya mchoro, akalinganisha. Halafu akasema, "Huyu ni mpishi tu. Mfungulie."

Baba alitoka jicho moja limevimba. Hapo ndipo Mama alilia kwa mara ya kwanza.

Bado hatujafika mlangoni, gari likaingia kwa kasi. Bwana Rangi, na slippers za nyumbani! Nilifurahi, nikajua amekuja kwa ajili ya Baba.

Alimpita Baba kama nguzo. Akaenda mezani, akashika kichwa.

"Nani naharibu picha yangu?"

Baba alifungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani kando ya mchoro. Tukatoka. Hakumpikia mzungu tena maisha yake yote.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kukuangalia wiki nzima, achore kila alama ya uso wako, na bado asikuone. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Huyu alinyonga tu.

Sasa mjukuu hapa ananiambia eti Mama aliharibu kazi ya sanaa. Wakuu, mwambieni nyinyi, mimi nikianza nitamchapa.