Dume la Mtarakwa

Mimi ni mtu wa haraka, na saipresi ni mti wa watu kama mimi: unaupanda leo, kabla hujazeeka unapasua mbao. Baba alimwagilia saipresi za serikali kitaluni maisha yake yote, lakini moyo wake ulikuwa kwa mtarakwa. Huo hukua polepole, ila mchwa wetu wa Makueni, wanaokula hata viatu, hawaugusi. Ndiyo maana ulikatwa kwa nguzo mpaka vilima vya Mbooni vikabaki na saipresi tupu, na kuukata msituni kukapigwa marufuku.

Nyuma ya nyumba yetu ilibaki mitarakwa miwili. Mmoja ulizaa vitunda vya buluu. Baba alivikusanya, akaotesha miche michache kwenye mikebe, akaihamishia kilimani. Alitaka auone mtarakwa umerudi kule kabla hajafa. Ule mwingine haukuzaa kitu.

Miaka ya sabini nilitoka chuo cha ualimu nikijua kila kitu. Mchwa walikuwa wamemaliza nguzo za saipresi za zizi la mbuzi mara ya tatu. "Kata ule wa bure," nikamwambia baba. "Hauzai, wa nini?" Alisitasita, lakini mwalimu alikuwa amesema. Chifu akatoa ruhusa, zizi likasimama imara, nikasifiwa.

Baada ya miaka miwili vitunda vikawa vichache na vitupu. Baba alilaumu jua, kisha kuku, kisha maji ya sabuni ya mama.

Ndipo rafiki yake wa kitaluni akaja kunywa chai. "Hii si kama saipresi, ati kila mti inajizalia," akasema. "Hii ni bibi. Bwana yake iko wapi?"

Mama akagonga nguzo ya zizi. "Si ni huyu? Mwalimu ameua bwana, sasa anangoja bibi azae!"

Tulicheka hadi chai ikamwagika. Kisha baba akaipanga mikebe yake ghalani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuisahau.

Likabaki tumaini la ile miche ya kilimani, huenda mmoja ungekuwa bwana, na mtarakwa hauna haraka ya kujionyesha. Baba aliikagua kila Jumapili baada ya kanisa, mwaka baada ya mwaka, mpaka tukamzika.

Miaka ya tisini nilipita kule, nikasukuma tawi, vumbi la manjano likajaa kwenye sweta yangu. Niligeuka nimwite baba.

"Umetoka kusaga mahindi?" mama akaniuliza nyumbani.

"Bwana amepatikana."

Mara hii hakucheka. Aliingia ghalani, akaanza kuishusha mikebe.