Namba Iliyokataa Safu

Namnyaki wa Sombetini hutunga shanga, na ana ukaidi wake: safu ikipungua ushanga mmoja, anaifumua yote. Anasema ukiiacha, ukingo utajikunja, na macho ya watu hayatatazama kitu kingine.

Mwaka jana usharika wao wa Kilutheri ulitimiza miaka hamsini. Wazee wakamwagiza kitambaa cha shanga cha kutundika mbele ya mimbari: kiwe mstatili usio na pengo, na kila aliyewahi kubatizwa pale awe na ushanga wake. Namnyaki akaomba jambo moja tu. Mwanawe wa pili alikufa akiwa na siku tatu, hajabatizwa wala kupewa jina. Alitaka na yeye aingie.

Karani wa usharika, Mzee Yona, alifungua kitabu cha ubatizo, akakifunga.

"Pole sana, Mama Silantoi. Lakini humu wako 10,007. Asiyeandikwa hayumo."

Yona ni mtu mwema, ila akishashika kalamu haambiliki.

Namnyaki akarudi nyumbani kutafuta safu. Akagawa kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, zikabaki mbili. Kwa saba, zikabaki nne. Aliendelea hivyo kwenye daftari la shule la Silantoi mpaka mia moja, kisha akaacha, kwa sababu safu zikizidi mia, shanga za kila safu hazifiki mia, na namba hizo zote alikwisha kuzijaribu. Jirani yake mwalimu alimwambia kwamba namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe huitwa namba tasa. Jina hilo halikumpendeza.

Akarudi kwa karani.

"Shikamoo, mzee. Hazipangiki."

"Marahaba. Basi punguza moja."

"Nimtoe nani?"

Yona akapitisha kidole kwenye majina, ukurasa baada ya ukurasa, asipate wa kumtoa. Na hata angempata, 10,006 inakubali safu mbili tu za shanga 5,003. Huo ungekuwa mkanda wa kuzungushia kanisa.

"Na ukiongeza moja?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Safu sabini na mbili, kila safu shanga 139. Hakibaki kitu."

Yona alizidisha mwenyewe mara tatu, kwa kuwa hamwamini mtu kwenye hesabu. Halafu akaweka kalamu chini.

"Haya, katunge."

Siku ya sherehe, kitambaa kikiwa kimetundikwa na pembe zake nne zimenyooka, Yona alimsogelea Namnyaki akamuuliza ushanga wa mtoto ni upi.

"Sijui, mzee. Nilimchanganya na wenzake kabla sijaanza kutunga. Hata mimi siwezi kumtofautisha tena."

Alisema hivyo huku analia mbele za watu, na ilikuwa furaha.