Fromaji ya Tatu

Kwetu Masisi mtu akikataa fromaji, ile jibini ya maziwa ya ng'ombe wetu, wanamwangalia kama amekataa maji. Mimi sili tena. Wenzangu wa soko la Ngungu wamezoea. Mmoja akisahau na kunikatia kipande, wa pembeni anamkanyaga mguu, nami najifanya sikuona. Basi leo niseme ni kwa nini, maana nimechoka na huruma yao.

Papa yangu alikuwa mkulima wa mlimani, na kijiji kizima kilimjua kuwa ni mtu wa kuachia. Akikutana na mwenye mzigo kwenye njia nyembamba, yeye ndiye anaingia majanini. Kwenye mkutano wa kanisa wakigombania siku ya kazi, yeye anasema chukueni ile munayotaka. Mama alipokuwa hai alimtania sana. "Wewe, siku ya ufufuo utawaachia wote watangulie, utabaki mule kaburini peke yako!" Papa alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Mama alitangulia yeye. Tulimzika mwisho wa shamba letu, kule chini, karibu na mti wa avoka, ule wa parachichi, alioupanda mwenyewe alipokuja kuolewa. Kila Jumapili, akitoka misa, papa alikuwa anashuka pale na panga lake, anakata majani, anakaa kidogo. Hakutaka tumsindikize. Akirudi nyumbani anaomba chakula kwa sauti ya mtu aliyetoka kuongea na watu, na sisi hatukumuuliza kitu.

Chini ya shamba letu kuna shamba kubwa la ng'ombe. Mwenyewe anaishi mjini, sura yake hatukuijua. Tuliyemjua ni msimamizi wake, mwanaume mpole, anayevua kofia hata mbele ya watoto. Vita ilipotukimbiza, yeye alikimbia kama sisi, na tuliporudi alirudi kama sisi. Lakini uzio ulikuwa umekwisha kuchomwa na waliopita, miti ya mpaka imekatwa kuni, na mpaka wa kila mtu ukabaki mdomoni mwake. Na mdomo wa mwenye ng'ombe unasikika mbali kuliko wa mwenye maharagi.

Mara ya kwanza msimamizi alikuja kuomba njia ya ng'ombe kufika kwenye maji. Papa alisikiliza, akauliza upana, akasema sawa. Mara ya pili, misimu miwili baadaye, akaja na shefu wa kijiji, akasema ile sehemu ya bondeni tunayolima viazi ilikuwa malisho yao tangu zamani. Papa alisema haikuwa hivyo, na shefu alijua kwamba haikuwa hivyo, nami niliyekuwa nawapikia chai nilijua. Wakakaa tangu asubuhi mpaka jua likaegemea. Mwisho papa akasema, "Chukueni. Tusiuane juu ya viazi."

Sasa kuna desturi yetu. Mapatano yakiisha, yule aliyeachia ndiye anapanda mpaka kwa mkono wake. Anakata vijiti vya miyenzi, ule mti wa maziwa meupe unaopandwa uzio, anavichomeka kimoja kimoja mbele ya watu. Ni ili kesho asiseme kwamba mpaka ulisogezwa usiku. Nilimwona papa yangu, mzee mwenye mgongo uliopinda, akipanda uzio wa kujifungia nje ya viazi vyake. Alipomaliza alinawa, akamshika msimamizi mkono. Na kesho yake kijana wa shamba la ng'ombe akapanda mlima na fromaji moja nzima ya mviringo, imefungwa ndani ya majani ya ndizi, salamu kutoka kwa wenye ng'ombe. Ilikuwa vilevile mara ya kwanza. Tunaachia, wanatuma fromaji.

Ile ya pili niliila kwa hasira, lakini niliila. Ndipo nikamgeukia papa.

"Papa, wewe unaachia bure! Ile siku uliwaachia njia, uliomba nini? Leo umewaachia bonde, umeomba nini? Fromaji?"

"Niliomba batuache," akasema.

"Kuacha si kitu! Mimi mteja akisema punguza, namwambia basi beba debe mbili. Nikishuka, naye apande. Hivi ndivyo watu wanapatana!"

"Sawa, mama," akasema. Sisi huku baba anaweza kumwita binti yake mama, kwa upendo. "Sawa. Wewe unajua soko."

Niliona nimemshinda. Niliona hata aibu kidogo kwa ajili yake, Mungu anisamehe. Mimi nilikuwa nimefunzwa biashara na mzee mmoja wa Butembo, Mkatoliki wa kusali rozari kati ya gunia na gunia, na kwenye soko letu hakuna aliyenishinda kwa maneno. Nilijiambia kama ningezaliwa mwanaume, nikakaa kwenye ile meza badala ya papa, tungekuwa na bonde letu mpaka leo.

Siku zile redio haikuwa na habari nyingine. Wakubwa walikuwa wamekwenda kupatana juu yetu katika miji ya mbali. Leo huyu amelegeza, kesho yule amegoma, keshokutwa wamepigwa picha wanashikana mikono. Papa alikuwa anasikiliza huku anachambua maharagi. Jioni moja akaizima.

"Ni rahisi kuachia ukiwa hoteli," akasema. "Kile banaachia, hakiko chao."

Nilicheka. Nikawarudilia wenzangu sokoni lile neno, nao wakacheka. Sikulichukua kama neno la kunihusu.

Msimamizi akaja mara ya tatu. Safari hii alitaka ile sehemu ya chini kabisa, tangu mti wa avoka, ili uzio wake unyooke. Alijua kuna kaburi. Aliligusa lile neno polepole, akasema litaheshimiwa. Papa hakumwacha amalize.

"Hapa hapana."

Shefu akajaribu. "Mzee, tukae, tuongee."

"Tumekaa mara mbili. Hapa hapana."

Hakupaza sauti. Alisimama, akachukua jembe lake, akaondoka, akawaacha wageni kwenye viti. Papa yangu, kuwaacha wageni kwenye viti! Nilibaki nimeshika birika. Nilidhani ni uzee umemwingia. Msimamizi alivaa kofia yake akasema bwana wake hatafurahi, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hofu, si ya kutisha.

Toka siku ile ng'ombe wakaanza kupanda mpaka shambani kwetu. Asubuhi unakuta maharagi yamelala. Mchungaji anasema pole, wamenishinda. Nikawa silali. Na wakati huohuo kifua cha papa kikafunga, tukamteremsha kwa tipoyi, machela ya kubebwa mabegani, mpaka barabara ya gari, na gari ikamfikisha hospitali ya Kirotshe, kule ziwani. Kaka zangu walikuwa Walikale wanatafuta maisha kwenye machimbo, simu zao hazipatikani. Nyumbani nilibaki mimi.

Msimamizi na shefu walijua. Wakaja. Nami, ee Mama wee, niliwakaribisha kwa furaha. Niliona saa yangu imefika. Nikaketi kwenye kiti cha papa.

Niliwabana, wacha niseme ukweli. Walitaka sehemu yote tangu mti wa avoka, nikawapa, lakini si bure. Nilitaka ng'ombe wasipande tena, wakakubali. Nilitaka tulime misimu mitatu ile ardhi yao ya juu inayolala bure, wakagoma, nikagoma, wakakubali. Nilitaka kaburi la mama lizungushiwe miti, na sisi tupite wakati wowote, na papa akija kufa azikwe pale pembeni yake. Msimamizi alivua kofia, akaiweka kifuani. "Dada, hilo ni neno la kuuliza? Mutapita. Mutazika. Mimi niko hapa."

Shefu akaandika karatasi. Aliandika mpaka, aliandika misimu mitatu. Lile la kaburi hakuliandika, kwa kuwa halikuwa neno la kubishaniwa, tulikuwa tumepatana wote kwa roho nzuri. Nami niliyekuwa sikubali kushusha debe la maharagi bila kuona mkono wa mtu mfukoni, sikuomba liandikwe. Niliona haya kumdai karatasi mtu aliyekwisha kunivulia kofia.

Nikakata miyenzi, nikapanda kwa mkono wangu. Maziwa yake yaliniganda vidoleni siku mbili.

Kijana akaleta fromaji. Nikaifunga vizuri, nikashuka nayo Kirotshe kumpelekea mgonjwa. Njia nzima nilikuwa natengeneza maneno ya kumweleza papa jinsi nilivyowashinda. Nilimkuta amekaa kitandani, amenyolewa, ana nafuu. Alifurahi kuniona. Nikaweka kikapu juu ya kitanda, nikafungua majani.

Papa akaiangalia ile fromaji. Akaiangalia muda mrefu. Halafu akaniuliza, polepole kabisa, "Tumeachia nini tena?"

Sikuwa nimefungua mdomo. Alijua, maana fromaji haikuwahi kutufikia kwa njia nyingine. Nikaanza kumweleza kwa haraka, ng'ombe hawapandi tena, misimu mitatu, tunapita wakati wowote, papa, wakati wowote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza kila mtu. Kisha akashika mkono wangu, akaona alama nyeupe za miyenzi kwenye vidole.

"Ulipanda wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, papa."

"Mama," akasema, "kila nyumba iko na maharagi ya mbegu, ile inafungwa juu ya moto. Watu bakilala njaa, haiguswe. Ukiuza yote, unauza ili ile ibaki. Si unajua?"

Nilijua. Ni kazi yangu, kujua.

"Njia niliachia juu ya kulinda pale kwa mama yenu. Bonde niliachia juu ya pale. Wote mulisema mimi ni muntu wa kuachia." Akaifunika ile fromaji kwa majani yake. "Nilikuwa naachia ili nisifike pale."

Nililia mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Hakunigombeza. Ingekuwa heri angenipiga. Alinipapasa kichwa, akaniambia nile kitu, nimetoka mbali. Ile fromaji aliwagawia watu wa kitanda cha pili. Yeye hakuonja, nami sikuonja.

Hakurudi nyumbani kwa miguu yake. Ile nafuu ilidumu kama majuma mawili, kisha kifua kikafunga tena. Siku ya mwisho aliniuliza jambo moja tu, kama ni kweli atalala karibu na mama. Nikamwambia ni kweli, papa, wameahidi. Akasema, "Basi, sawa."

Tulipofika na mwili tukakuta geti la shamba la ng'ombe limefungwa kwa mnyororo. Katika majuma yaleyale shamba lile lilikuwa limeuzwa. Msimamizi wetu wa kofia alikuwa ameondoka na mizigo yake, wengine wanasema upande wa Nyamitaba, na mahali pake palikuwa na mwingine, kijana, naye hakuwa na ubaya wowote. Alisoma karatasi ya shefu mara mbili. Nilimwona akitafuta, kweli alitafuta.

"Mama, pole sana," akasema. "Hapa banasema mupaka na misimu mitatu, basi. Kaburi haiko. Nikifungua, patron, mwenye shamba, atanifukuza."

Nilimwambia achukue misimu mitatu. Nilimwambia achukue shamba letu la juu, nyumba, chochote, anipe mahali pa kulaza mtu mmoja. Nilipiga magoti kwenye matope mbele ya kijana ambaye ningeweza kumzaa. Naye alilia. Geti halikufunguka. Sikuwa na kitu cha kumpa ambacho alikuwa na ruhusa ya kukipokea.

Wachimbaji walikuwa wanangoja na majembe yao. Wakaniuliza tuchimbe wapi. Nikawapeleka kwenye uzio wa miyenzi. Kutoka pale mama yuko hatua saba, ng'ambo ya uzio. Ile miti aliyoahidiwa haikuwahi kupandwa, na kwato zilikuwa zimesawazisha udongo, lakini mti wa avoka unaonyesha mahali.

Mzee aliyeongoza wachimbaji akapima, akasema tusogee nyuma kidogo, mizizi ya avoka itasumbua.

"Usisogee," nikasema. "Hata kidole usisogee."

Akaniangalia, akachimba hapohapo. Ilimchukua muda mrefu kwa sababu ya mizizi, na hakuna aliyenung'unika.

Jumapili mimi ndiye ninayeshuka sasa na panga. Nakata majani upande huu tu. Wenzangu sokoni wanasema nimekuwa mgumu wa bei, wengine wanasema nimekuwa mwepesi mno, kila mtu na lake. Miyenzi niliyopanda imeshika yote, hakuna hata kijiti kimoja kilichokufa. Imekuwa mirefu, ina kivuli, na mchana jua likiwa kali ng'ombe wanakuja kulala upande wa pili, pale kwa mama.