Sabufa mpya haipati joto

Jamani, leo nepi za mwanangu nusura zikose makazi 😂

Baba Neema kaichoka sabufa yetu ya zamani. Bluetooth yake inashika simu ya jirani kabla ya yetu, na besi siku hizi inakohoa tu.

Basi leo kamleta rafiki yake muuzaji na sabufa mpya mpaka sebuleni.

Kijana anajua kusifia!
"Shemeji, hii hata ipige kutwa nzima, haipati joto."

Nikashtuka. "Haipati joto?"
"Kabisa!"
"Sasa nepi nitakaushia wapi?"

Kijana akamgeukia Baba Neema.

Mvua ya Tukuyu mnaijua. Tangu Jumapili jua hatujaliona. Ile ya zamani ikipiga nyimbo mbili tatu inakuwa ya moto, natandaza nepi juu yake, zinakauka vizuri.

Baba Neema akang'aka, "Mama Neema, tunanunua muziki au kamba ya kuanikia?"

Hapo hapo Neema, aliyekuwa mapajani kwake, akamlowesha suruali ya kazini.

Baba Neema akamtazama muuzaji. Akaitazama suruali.

"Mama Neema... hebu washa ile ya zamani."

Wa Isongole, na baridi yenu hiyo, nyie mnakaushia wapi?