Chupa Yenye Uzi Mwekundu

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Mvua ilianza huko Bwera mpakani kabla ya mapambazuko, ikakatika saa nne, na milima ikabaki imejifunika ukungu hadi kiunoni.

Bulandina alisubiri ikatike, kisha akashika njia ya tope kwenda kwa jirani yake Jalia. Ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja tangu kijiji kimchague kuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, mwenye nyumba thelathini na mbili za kutembelea. Kwa Jalia alikuwa anakwenda mara ya tatu kwa jambo lile lile.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Jalia hakuwa mkaidi. Mwaka uliopita, kuhara kulipoenea, Bulandina alipita akisema: chemsheni maji, yatieni katika chupa za soda zilizooshwa, fungeni vifuniko. Jalia alitii. Rafuni kwake zilisimama chupa tisa za maji, zinang'aa. Ya kumi ilikuwa ya dawa ya kunyunyizia nyanya.

Dawa ile huja kwa kopo, lakini mwenye matuta manne ya nyanya atanunua kopo zima la nini? Sokoni hupimiwa. Unakwenda na chupa yako tupu, unarudi nayo imejaa, haina jina wala picha ya fuvu. Na chupa tupu iliyo karibu nyumbani ni ipi, kama si ile ya maji aliyoihubiri Bulandina mwenyewe?

"Mama Nasifah, bado iko hapa?" Bulandina akauliza, macho rafuni.

"Iko, lakini nilitia alama." Jalia alionyesha uzi mwekundu shingoni mwa chupa. "Kaa kwanza. Unaingia kama afande wa mupakani!"

"Na mutoto anajua uzi ni nini?"

"Nasifah? Iko na miaka ine tu, lakini akili inashinda ya baba yake. Nilimwambia, ya uzi ni mubaya."

Bulandina akamwita mtoto. "Nasifah, niletee maji ya kunywa."

Nasifah akapanda kigoda, akapitisha macho kwenye chupa zote, akaikumbatia yenye uzi. Akaileta kwa mikono miwili na kupiga magoti, kama alivyofundishwa kumheshimu mgeni.

"Hii ya wageni," akasema. "Iko na urembo."

Jalia akaipokonya. Hasira yake ikamwangukia aliyekuwa karibu. "Umemutega mutoto wangu!"

"Mimi? Na angekunywa, ungefanya nini?"

"Ningemupa maziwa, atapike."

"Aa-a! Hapana maziwa, hapana kumutapisha. Unabeba mutoto na chupa ile ile, unakimbia hospitali. Nilisema mara ngapi?"

"Sasa niiweke wapi, Mama Ronah? Nyumba iko chumba moja, kabati hakuna. Usitoke bila kusema. Wapi?"

Bulandina alitoka, akaenda zake. Njia nzima swali lile lilimfuata. Miaka kumi na moja amewaambia watu wasiweke hapa, wasiweke pale; hajawahi kuwaambia waweke wapi.

Nyumbani aliinama kuteka maji, akaona chupa nyuma ya mtungi. Hakuhitaji kuinusa mara mbili.

"Baba Ronah, hii ni nini?"

"Ya vitunguu," mumewe Yonasani akajibu, akivua gambuti. "Hapa hakuna mutoto."

"Na watoto wa Ronah wakija Krismasi, hao ni mbuzi?"

Yonasani akacheka. "Mwalimu, hubiri huko nje. Hapa tuachie tupumzike."

Bulandina hakucheka. Alipakua chakula, na sahani ya Yonasani ikatua mezani kwa kishindo.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bulandina alitoa madaftari yake yote ya ziara katika sanduku la bati, akayatia guniani. Chupa ya Yonasani akaitia sandukuni. Akaenda kwa Jalia, akanyoosha mkono mlangoni, akamwambia habari ya sanduku, na Jalia akampa ile yenye uzi. Aliporudi aliitia nayo sandukuni, akapiga kufuli, akauvaa ufunguo shingoni.

"Na vitunguu vyangu?" Yonasani akauliza.

"Uniombe ufunguo, kama Jalia."

Kisha akachukua daftari moja guniani, akashika njia ya nyumba iliyofuata. Zilibaki thelathini na moja, na sanduku lilikuwa moja tu.